Siku Niliyosugua Sufuria la Akina Mama

Msianze kucheka kabla sijaanza, maana nawajua, na najua Quitunda nzima, mtaa wetu wote, wanaisimulia habari hii kila mtu kwa namna yake, anaongeza chumvi anayoitaka, mmoja nimemsikia kwa masikio yangu haya anasema wali uliruka mpaka kwenye paa la nyumba. Hapana jamani, wali haukuruka, mchele ulikuwa bado hata haujaingia kwenye sufuria (na hilo ndilo lililoninusuru kidogo), na kwa kuwa aliyeyafanya ni mimi, acheni niseme mwenyewe, aibu ni yangu na nimeshaizoea. Ukifika kwetu leo ukauliza nyumbani kwa Zainabo ni wapi, utaulizwa, "Zainabo yupi, yule wa sufuria?" na ukisema ndiye huyo, utaelekezwa nyumba huku mtu anajifuta machozi ya kicheko.

Mimi nasoma chuo kikuu huko kusini, engenharia de materiais, yaani uhandisi wa vyuma na vifaa, mwaka ule nilikuwa wa tatu. Mama akiulizwa mwanawe anasoma nini, anajibu, "Anasoma vyuma," na kwa kweli ndivyo hivyo, tunasoma kwa nini chuma hiki kinapinda na kile kinakatika, kwa nini bomba linaoza upande mmoja tu, mambo kama hayo. Ila masomo yetu yana tabu moja, darasani tuko wengi na hadubini ya kuangalia vyuma ni moja, kwa hiyo mimi miaka yote mitatu nilikuwa naangalia chuma kupitia bega la mwenzangu. Inafika zamu yangu, kengele inalia. Nikirudi nyumbani watu wananiita injinia, nami naitika, lakini moyoni najua injinia mwenyewe hajawahi hata kuzungusha ile lenzi kwa mkono wake.

Ndiyo maana lilipotoka tangazo la utafiti wa likizo kubwa nililisoma mara tano nimesimama. Wanafunzi sita tu, kutoka vyuo mbalimbali, wiki nane za mwisho wa mwaka katika maabara ya metalurgia, ya uchunguzi wa vyuma, kila mmoja na swali lake na hadubini yake, na mwalimu wa kumwongoza. Nilikuwa nimeshaomba mwaka wa kwanza wakanikatalia, nikaomba mwaka wa pili wakanikatalia kwa maneno yale yale (nadhani walibadilisha tarehe tu), na wa mwaka wa nne hawachukuliwi. Kwa hiyo hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, nikiikosa ndiyo basi, nitamaliza chuo mikono mitupu.

Safari hii walitaka kitu kipya. Kila mwombaji atafute chombo cha chuma au alumini kilichoharibika kazini, akipige picha, aandike nusu ukurasa, halafu akipita ataitwa kwenye simu ya video aulizwe maswali. Wenzangu wakaanza kutamba kwenye kundi letu la simu, huyu ana gia ya trekta la mjomba wake, yule ana bomba la kiwandani, mwingine ana shafti ya meli. Mimi likizo ya katikati ya mwaka ilikuwa imenikuta nyumbani, na nyumbani kwetu kuna nini? Jembe, baiskeli ya jirani na mbuzi ya kukunia nazi.

Nikazunguka siku mbili naangalia vyuma vya watu hadi wakaanza kunitilia shaka. Siku ya tatu nikaenda nyuma ya nyumba yetu kuanika nguo, nikaliona.

Lazima niwaeleze kidogo kuhusu masufuria. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia vita, hakuna mtu aliyekuwa na chombo cha maana, sasa wanawake wa mtaa wetu wakaunda kikundi, wakakusanya mabaki ya alumini, pistoni, fremu za madirisha, vifuniko, chochote kinachoyeyuka, wakampelekea fundi akayayeyusha na kuwasubia kwenye mchanga masufuria saba makubwa ya shughuli. Harusi, msiba, maulidi, yote yanapikwa humo. Yana herufi nyekundu za kikundi ubavuni, na yanatunzwa kwetu kwa sababu mama ndiye mtunza vyombo. Mpishi mkuu ni shangazi Atija, dada yake marehemu baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Sasa siku ile masufuria sita yalikuwa ndani yamepangwa, na la saba lilikuwa nje peke yake, limefudikizwa juani, na kwenye kona ya kitako lina donge jeusi limeganda kama lami. Pembeni ya donge nikaona ncha ya ufa. Moyo ukanidunda! Nikasema hili limestaafu, limewekwa kando lisubiri kwenda kwa fundi kuyeyushwa, na mimi sampuli yangu ndiyo hii. Mama alikuwa shamba. Kumsubiri aje nimuulize ilikuwa ni kazi ya saa mbili tu, lakini mimi nikaona aa, sufuria bovu naombea ruhusa ya nini?

Nikalipiga picha ya kwanza, nikaitazama, nikaifuta. Na hapa nawaambieni ukweli ambao ulinichukua muda kukiri, niliifuta kwa sababu niliona haya. Nilifikiria wale maprofesa na kuta zao nyeupe, wenzangu wanaleta gia zinang'aa, na mimi nawapelekea masizi ya kwetu na donge lisilojulikana ni nini. Nikasema hapana, ngoja nilisafishe kwanza.

Nikaleta makumbi ya nazi, mchanga, ndimu na kisu butu. Jamani, donge lile lilinitoa jasho! Nilikwangua, nikasugua, nikamwaga maji, nikakwangua tena, mpaka kikatoka kipande kizima nikakitupa huko kwenye majani, na chini yake ufa ukaonekana mzuri, mrefu kama kidole changu cha kati, umepinda kidogo. Nikaendelea na sufuria lote kwa mori ule ule hadi likawa unaweza kujitazama uso. Nikatandika kanga mpya ya mama chini yake, nikapiga picha kumi na mbili, nikaandika nusu ukurasa wangu nikimalizia na sentensi ya kujisifu, na sufuria nikaliingiza ndani nikalipachika katikati ya yale mengine. Mama aliporudi akaona ubavu unang'aa, akafurahi hata machozi yakamlenga. Akaenda kuwatangazia majirani kwamba chuo hakijamharibu mwanawe, kaja likizo na anasugua masufuria ya watu bila kutumwa. Mimi nikanyamaza, nikapokea sifa.

Baada ya wiki jibu likaja. Nimepita! Niwe kwenye simu Jumamosi saa nne asubuhi, robo saa tu, nitahojiwa na Professora Ilda mwenyewe, mkuu wa maabara. Na Jumamosi ile ndiyo ilikuwa harusi ya Mwanaiche, binti wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Kukosekana jikoni siku ya harusi ya jirani ni jambo zito kwetu, hasa kwa msichana wa chuo, watasema kasoma kajiona. Kwa hiyo nikajipanga. Juu nikavaa blauzi nyeupe ya kupigia simu, chini kanga ya kupikia, alfajiri nikaenda na wenzangu, nikapewa ungo nichambue mchele. Mtandao wa kwetu unachagua mahali pa kukaa, na siku hiyo ulichagua kukaa pembeni ya jiko la harusi, hatua kumi kutoka kwenye mafiga. Nikafudikiza kinu, nikaiegemeza simu juu yake, ungo wangu wa mchele nikauweka chini, nikajifuta jasho, nikawaambia kina dada wasipite nyuma yangu. Walipita wote, mmoja mmoja, kuangalia.

Saa nne simu ikaita. Professora Ilda alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, na pembeni yake bwana mmoja mwenye miwani anayeandika. Mazungumzo yalikuwa ya Kireno, mimi nawapeni kwa Kiswahili.

"Picha safi sana," akasema yule bwana, nami nikatabasamu hadi jino la mwisho.

Nikaeleza vizuri, wallahi nilieleza vizuri, namna fundi anavyoyeyusha, namna anavyosubu kwenye mchanga, namna ufa ulivyokaa pale kitako kinapokutana na ubavu. Professora akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akasogea karibu na kamera.

"Zainabo, juu ya huo ufa palikuwa na nini kabla hujasafisha?"

"Uchafu, professora. Masizi tu, yalikuwa yameganda."

"Ulipiga picha kabla ya kuutoa?"

"Hapana, professora."

"Uliuweka kidogo mahali, angalau kipande?"

"Hapana, professora." Hapo hapo nikakumbuka somo la mwaka wa pili, lile la kwamba chombo kilichovunjika hakioshwi kabla hakijatazamwa, somo nililopata alama nzuri kabisa.

"Na sufuria lenyewe lilikuwa bado linatumika?"

"Hapana, professora, hilo lilishastaafu."

Neno hilo halijatua, nyuma yangu kitu kikalia pshshshsh! Kisha moshi, kisha harufu ya nazi inayoungua, kisha sauti za wanawake ishirini kwa pamoja, "Tui! Tui! Tui linakimbia!"

Nikageuka. Kwenye mafiga ya katikati kulikuwa na sufuria linalong'aa kuliko yote, na kwenye kona ya kitako ufa umefunguka kwa moto, tui linamwagika kama bomba lililofunguliwa, majivu yanaruka juu, kuni zinazima, watu wanakohoa. Nazi za tangu alfajiri, wanawake wamezikuna mpaka viganja vimewawaka, zote zinakwenda kwenye majivu. Nikaruka kwenda kusaidia kulitua, na kanga yangu ikakishika kinu, na simu ikaanguka. Kama bahati ilitua kwenye ungo wa mchele, kioo juu, na haikukatika.

Tuliposhusha lile sufuria lilikuwa halina kitu. Shangazi Atija, ambaye alikuwa upande wa nyama wasichana walipolibandika, akaja na upawa mkononi, akaliinamisha, akapitisha kidole kwenye kitako, akanyanyuka taratibu.

"Kiraka changu kiko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, nikarudi nyuma hatua moja. Mama yangu, Mungu ampe afya, kwa nia njema kabisa, akasema, "Labda kimetoka mwanangu alipolisugua. Si niliwaambieni alilisugua, likang'aa?"

Macho yote yakanigeukia. Nawaambieni, hakuna jua linalochoma kama macho ya wanawake ambao nazi zao zimemwagika.

"Wewe ndiye uliyekitoa?" shangazi akauliza. "Kiraka cha unga wa muhogo na majivu, nimekikandika kwa mkono wangu shughuli nne, kila shughuli nakiongeza juu ya moto hafifu, kimekuwa jiwe! Nimelianika nje peke yake lisigongwe na mengine! Ulidhani ni nini?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka chini. "Zainabo? Zainabo, uko salama?"

Shangazi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani yumo kwenye mchele?"

Wanawake wakainama juu ya ungo, wote, na fikirini wale maprofesa waliona nini huko kwao: vilemba, upawa na vichwa vinane vimezunguka mbingu. Nikasema ni walimu wangu, ndio wananisaili. Mmoja akapiga kigelegele kwa kuchanganyikiwa. Shangazi akapiga magoti mbele ya ungo, akasalimia kwa sauti ya kumfikia mtu kusini bila simu.

Mimi nikachukua simu nikate, yaani kidole kilikuwa kimeshafika kwenye ile alama nyekundu. Professora akasema, "Usikate. Muulize huyo mama, ile nyeusi uliyoiita uchafu, ilikuwa ni kitu gani."

Sasa hapo ndipo nilipopata mtihani wangu wa kweli. Shangazi Kireno chake ni cha sokoni. Ningeweza kuruka lile neno, nikamwambia tu, wanauliza kiraka kinatengenezwaje, na mambo yangeisha kwa heshima. Nikamgeuzia shangazi kioo cha simu. Kisha nikasema, "Shangazi, wanauliza ile nyeusi, ambayo mimi niliwaambia ni uchafu, ilikuwa nini."

Uso wake ukabadilika, hakuwa na hasira tena, na afadhali ingekuwa hasira. Akaniangalia mimi, akaiangalia simu.

"Uliwaambia ni uchafu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwambie huyo mwalimu," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya chini, "mwambie mimi si mchafu. Mwambie unga nachekecha mara mbili. Majivu ni ya kumbi la nazi, si ya mti wowote. Maji ni ya chumvi. Unapaka sufuria likiwa la vuguvugu, likiwa baridi halishiki, likiwa la moto linabanduka. Mwambie."

Nikamwambia, neno kwa neno, huku machozi yananitiririka kwenye blauzi nyeupe. Professora akauliza kwa nini kumbi. Shangazi akajibu. Akauliza kiraka kinadumu shughuli ngapi. Shangazi akajibu, kisha naye akauliza kama huko kwao wanapika kwa kuni. Yule bwana mwenye miwani alikuwa anaandika hadi kichwa hakionekani. Mara shangazi akasema kukaa hakufai, watu wana njaa, akaomba unga, akaanza kukandika kiraka kipya pale pale, na mimi nikashika simu juu ya mikono yake huku natafsiri. Robo saa ilikuwa imeshapita zamani. Kisha Professora akasema, "Zainabo, sasa nisikilize kwa makini—" na mtandao ukakatika. Ulikatika mpaka Jumatatu.

Yaliyobaki mnayajua. Nazi zilitafutwa nyumba hadi nyumba, na mkunaji mkuu nilikuwa mimi. Chakula kilitoka baada ya alasiri, upande wa bwana harusi wamenyweshwa chai mara mbili na wanatazamana. Jioni kwenye ngoma, kina mama wakatunga wimbo papo hapo, Zainabo msugua masufuria, Zainabo msomi wa vyuma, wakanivuta katikati nicheze wimbo wangu mwenyewe, nikaucheza, ningefanyaje? Na adhabu ikatoka, nioshe vyombo vyote vya shughuli tatu zinazofuata, ila lile la kiraka nisiliguse hata kwa kidole.

Lakini aibu ya watu siyo iliyokuwa inaniumiza. Niliumia kwa sababu nilijua nafasi yangu imekwenda, na niliipoteza mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Nilikuwa naosha masufuria huku nahesabu makosa, nimeosha sampuli, nimesema uongo kwamba limestaafu bila kujua, nimelia mbele ya kamera. Mama akawa ananiletea chai bila kusema neno, na mama yangu kukaa kimya ni jambo la kutisha.

Shughuli ya pili (ilikuwa maulidi), simu ikalia nikiwa na masizi mpaka viwikoni. Barua pepe kutoka kwa Professora Ilda. Nikamwomba mama aishike mbele ya macho yangu. Aliandika kwamba kwa sampuli nimekosea kosa la kwanza ambalo mwanafunzi anakatazwa, na asilisikie tena. Kisha akaandika: "Ila tuliuona uso wa yule mama ulipomtafsiria. Ungeweza kujificha, hukujificha. Mtu wa namna hiyo nitaweza kuyaamini matokeo yake." Nafasi ni yangu, akasema, na swali langu la utafiti ni sufuria lile lile, lakini kwa sharti kwamba nije nalo, lazima likatwe, na bila ruhusa ya wenyewe hawatalipokea.

Mnaona nilipofika? Niwaendee wale wale, niwaombe sufuria lile lile, na mara hii nisilisugue tu, nilikate kabisa.

Nikawaomba wakutane. Nikasimama mbele yao kwenye mkeka wa kwetu, nikasema yote bila kupaka sukari. Nikasema kama hawataki nitaelewa, nitaandika kwamba siji. Bi mmoja akacheka, mwingine akasema masufuria saba yakipungua moja harusi zitapikwa na nini. Hakuna aliyenitetea, hata mama. Wote wakawa wanamsubiri shangazi Atija.

Shangazi akajisogeza katikati ya mkeka. Akavuta kanga yake juu kidogo akatoa mguu wa kushoto. Kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni ngozi ilikuwa imekunjamana, laini, ya rangi nyingine. Mimi nimelala nyumbani kwake utotoni, sijawahi kuuona mguu ule.

"Lilikuwa sufuria jipya," akasema. "La kikundi cha zamani, la fundi huyo huyo, kabla hatujahamishiwa huku. Msiba wa watu mia na kitu. Likapasuka pale pale kwenye kona, uji wote ukanimwagikia. Likatengenezwa jingine, likapasuka pale pale, nikiwa napika mimi. Watu wakaanza kusema, Atija ana mkono wa nuksi. Wapo humu ndani waliosema, sitawataja. Ndiyo maana nikajifunza viraka, nikawa naviweka hata kabla ya ufa kufunguka." Akaishusha kanga. "Lichukue, likate. Ila ukaniulizie huko, ni mkono wangu au ni nini."

Hakuna aliyecheka tena. Fomu ya ruhusa ikazunguka, mwenye kuandika akaandika, asiyeandika akaweka dole gumba.

Mwisho wa mwaka nikasafiri nalo, limefungwa kwenye shuka, kiraka chake kipya juu yake, na nilimkatalia kila aliyetaka kuligusa njia nzima. Maabara walinipa hadubini, jamani, ya peke yangu. Siku ya kwanza sikufanya kazi, nilikuwa nazungusha lenzi tu, mbele, nyuma. Na tangu siku hiyo nimeweka nadhiri, kitu cha mtu hakiguswi na mkono wangu kabla sijajua nani alikishika kwanza na alikusudia nini, hata kikiwa cheusi kama chungu cha mchawi, na hasa kikiwa cheusi. Wenzangu wa maabara wananicheka, nasumbua kwa maswali. Nawaambia bora kusumbua.

Wiki ya tano tukalikata pale konani, tukaling'arisha kipande, nikakiweka chini ya lenzi. Kilijaa vitundu, vidogo vidogo vya hewa iliyonaswa alumini ikipoa, vimejipanga kwenye kona ile ile, na ukuta wake pale ni mwembamba nusu ya ubavu. Tukakata mahali pengine, hakuna. Professora akaja akatazama muda mrefu, akasema tukimwonesha fundi namna ya kunenepesha kona na kuacha hewa itoke kabla hajamimina, masufuria yajayo hayatapasuka hivyo. Nikamwomba ruhusa nitoke nje mara moja.

Nikampigia shangazi. Nyuma yake nilisikia vyombo na sauti za watu, walikuwa kwenye shughuli.

"Shangazi, nimeona. Ni hewa, ilibaki ndani ya alumini tangu siku ya kusubu, na kona ni nyembamba. Lingepasuka akipika yeyote. Si mkono wako."

Nikadhani mtandao umekatika tena, nikaita, "Shangazi? Shangazi?"

"Nipo," akasema. Kisha nikasikia anawaambia watu wanyamaze, anawaambia wasogee, na simu ikabadilika mlio, ameiweka isikike na wote.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sema tena. Kwa sauti."